Siku Tulipohamisha Matumbawe

Kituo cha Bahari,
nje ya Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa dada yangu Naomi,
Kinyangiri, Singida.

Dada, shikamoo. Shikamoo pia kwa mama na baba, na kwa shemeji Zefania kama yupo hapo karibu wakati unasoma.

Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imechubuka, na nitakueleza kwa nini. Na ninyi mmeamkaje? Kifua cha mama kimetulia baada ya ile baridi? Baba bado anaamka kuhesabu mbuzi kabla jua halijatoka, au amekubali kumwachia shemeji? Na huyo mtoto je, ameanza kukaza shingo? Ananyonya vizuri? Wewe mwenyewe umepata nguvu, au umesharudi shambani kabla mgongo haujapona? Nakujua.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa karani, halafu nikaenda kukaa chini nikaisoma tena. Umeniandikia kwamba mchungaji aliuliza mama wa ubatizo yuko wapi, watu wakageuka kutazama mlangoni, na hakuna aliyeingia. Kwamba mwishowe mke wa mwinjilisti ndiye aliyembeba mtoto. Kwamba mtoto mmempa jina langu, na mimi mwenye jina sikuwepo kulisikia likitamkwa. Ukamaliza kwa kusema, “Kama hao samaki wamekuwa ndugu zako, basi kaa nao.”

Dada, una haki ya kukasirika. Sitakujibu kwa hasira. Lakini pia sitakudanganya kwamba niliumwa, au nilinyimwa ruhusa, au treni iliniacha. Treni haikuniacha. Mimi ndiye niliyeiacha, na nilijua ninachofanya. Mpe mtoto ziwa, ukae, nikueleze jinsi ilivyokuwa. Ukimaliza kusoma uendelee kukasirika kama bado unataka.

Najua huko nyumbani mnasema kazi yangu ni kulisha samaki, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Sijawahi kuwaeleza sawasawa, na hilo ni kosa langu, maana nilipokuja hapa hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Hapa kituoni kulikuwa na tangi la kioo, urefu wake kama kitanda cha watu wawili, lenye fremu ya chuma. Ndani yake walikuwamo samaki, ndiyo, lakini mali yenyewe ilikuwa matumbawe. Ukiyaona yamekauka utasema ni mawe meupe tu. Yakiwa majini yana uhai. Ni wanyama wadogo sana, wengi mno, wanaojijengea nyumba ngumu ya chokaa na kuishi humo pamoja. Mengine yamejikunja kama kabichi, mengine yana matawi kama pembe za tandala, na mengine yana mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Yakiwa na raha hutoa vinyweleo laini vinavyochezacheza majini. Yakiumia hujifunga, hutoa ute, na yakifa hubaki meupe kama mfupa. Hayawezi kulia wala kukimbia. Inabidi uyatazame kila siku ndipo ujue hali yake.

Yote haya yaliletwa na Bi Mwanaidi. Huyu ni mama wa hapa pwani, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla sijafika, alikuwa akingoja maji yapwe, anatembea juu ya mwamba na ndoo kichwani, anachagua jiwe moja lenye uhai, analileta taratibu. Alifanya hivyo kwa miaka. Nilipokuja alinicheka sana kwa Kiswahili changu. Siku ya kwanza nilimwambia, “Mama, maji imejaa.” Akashika kiuno, akasema, “Maji yamejaa, mwanangu. Bara huko mnaongea kama mnabomoa ukuta.” Lakini siku hiyo hiyo alinipa wali na samaki wa nazi, na tangu hapo mimi ni mwanawe.

Tangi lile lilistawi mpaka likawa dogo. Matumbawe yaliota yakagusana, na ya aina mbili yakigusana huuana, moja linalichoma lingine. Ndipo mkubwa wetu, Bwana Lukasi, akapata kibali cha kujenga birika la zege lenye kioo kinene upande mmoja. Ni kubwa kuliko sebule ya baba na chumba chake ukiviunganisha. Bwana Lukasi alisema kila mara kwamba nchi ni yetu sasa na bahari ni yetu pia, kwa hiyo mtoto wa shule wa Singida au Songea asimame mbele ya kioo aone mali yake iliyo chini ya maji. Zege jipya lina ukali unaoua viumbe wa baharini, kwa hiyo tulilijaza maji ya bahari na kuyamwaga, tukalijaza na kuyamwaga, wiki nyingi. Mpango ulikuwa mimi nije nyumbani kwa ubatizo, nikirudi ndipo tuanze kuhamisha, jiwe moja moja, bila haraka.

Asubuhi ya safari nilifika kituoni na sanduku langu. Ndani nilikuwa na kanga yako, shati la shemeji, na kofia nyeupe ya mtoto niliyoishona mwenyewe. Treni ilikuwa ya jioni, na Bwana Lukasi alikuwa ameahidi kunipeleka stesheni kwa Landrova. Nilipita tu kuaga.

Nikamkuta Bi Mwanaidi amepiga magoti sakafuni, amekandamiza kanga yake kwenye pembe ya tangi. Sakafu yote ilikuwa maji.

“Usisimame hapo kama mgeni,” aliniambia. “Leta kitambaa kingine. Chuma kimeliwa na kutu, lami imeachia, na kioo kimeanza kutoka.”

Niliangalia. Kioo kilikuwa kimevimba nje kidogo, kama shavu la mtu anayeumwa jino. Maji yalitoka kwa uzi mwembamba pembeni, na ule uzi ulikuwa unanenepa.

Bwana Lukasi akaja akikimbia na viatu mkononi. Huyu ni mtu aliyesoma ng'ambo, ni mpole, na akiogopa huongea polepole zaidi. Alipitisha kidole kwenye ule ufa, akasema, “Hatuwezi kuziba. Tukisubiri kioo kitapasuka, na kila kitu kitamwagika sakafuni. Tunahamisha leo. Sasa hivi.”

“Birika liko tupu,” alisema Hamisi, fundi wetu wa pampu. “Jana tumemwaga maji ya mwisho.”

“Basi washa pampu, Hamisi. Na usiiache hata kidogo.”

Niliweka sanduku juu ya meza, nikavua viatu, nikakunja mikono ya gauni. Sikufikiri kwamba nabaki, dada. Nilifikiri nasaidia mpaka saa ya kuondoka.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Tumbawe halitolewi majini likapigwa na upepo kama kiazi. Unazamisha ndoo ndani ya tangi, unaliingiza jiwe ndani ya ndoo humo humo majini, kisha unainua ndoo pamoja na maji yake. Kuna viumbe laini, kwa mfano sifongo, ambavyo vikionja hewa tu vinakufa, hata kama kwa macho vinaonekana vizima. Ndoo iwe ya plastiki, maana bati linaua. Samaki huwakamati mwanzoni, kwa sababu wana mahali pa kujificha. Unatoa mawe kwanza, ndipo wanabaki wazi. Tulipanga mapipa ya mbao kivulini, tukayajaza maji ya lile tangi, tukawa tunaweka humo matumbawe yasubiri birika lijae.

Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa akitoa mawe, maana aliyajua yote. Alikuwa akiyasemesha. “Njoo wewe, usininunie. Njoo na wewe, mwenye kiburi.” Mimi nilikuwa nikipokea. Tulikuwa tumefika kama nusu, tukafika kwenye jiwe kubwa la katikati. Chini yake aliishi mkunga. Mkunga ni samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno yaliyoelekea ndani. Tulimjua, na kwa kawaida alikuwa mpole, anakuja kula mkononi. Lakini siku ile alikuwa ameona nyumba yake inabomolewa.

Bi Mwanaidi alipitisha mkono chini ya jiwe, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Maji yakawa mekundu. Alipotoa mkono, ngozi kati ya kidole gumba na cha pili ilikuwa imechanika, nyama inaning'inia.

Tuliufunga mkono kwa kanga, damu ikaja juu ya kanga. Bwana Lukasi alileta Landrova mpaka mlangoni. Alimweka Bi Mwanaidi mbele, kisha akanigeukia.

“Rebeka, chukua sanduku lako. Hospitali iko mjini na stesheni iko mjini. Nitakushusha.”

Nilichukua sanduku. Nilitembea mpaka kwenye gari, nikaweka mkono kwenye mlango. Dada, nakuomba usome hapa polepole. Niligeuka nikaona yale mapipa kivulini, na jua lilikuwa linaanza kuyafikia. Niliona tangi bado lina nusu ya vitu vyake na kioo kinazidi kuvimba. Na niliona Hamisi peke yake, ambaye hawezi kuiacha pampu, na hata akiiacha hajui jiwe lipi linashikwa wapi. Nikakuona na wewe kanisani pamoja na mtoto. Nakuapia nilikuona. Mlango wa kanisa letu na ile ngazi yake iliyovunjika, niliuona kama uko pale pale mbele yangu.

Bi Mwanaidi aliniambia kutoka ndani ya gari, “Panda, mwanangu. Hao ni wangu, si wako. Mtoto wa dada yako anakungoja.”

Nikasema, “Bwana Lukasi, nenda naye. Mimi nabaki.”

“Ruhusa yako nimeshaitia sahihi. Hakuna atakayekulaumu ukienda.”

“Najua. Nabaki.”

Hakubishana. Gari liliondoka. Sanduku nikaliweka ndani ya chumba cha pampu ili lisilowe, nikarudi kwenye tangi.

Mambo yalienda vizuri kwa muda. Nilijifunga kanga mikononi kwa sababu ya yule mkunga, nikawa natoa mawe mwenyewe. Nilipolitikisa lile jiwe kubwa hakutoka. Nilifikiri amekimbilia jiwe jingine, nikaendelea. Halafu nikasikia pampu inakohoa. Ikakohoa tena. Kisha kukawa kimya, na nikaisikia bahari.

Hamisi alitoka akiwa amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. “Imekata kitu ndani. Nitaifungua. Lakini Rebeka, siwezi kukuahidi saa.”

Nilichungulia birikani. Maji yangenifika magotini tu. Kwenye mapipa niliingiza mkono nikakuta maji yameanza kuwa vuguvugu, na lile tumbawe la kabichi lilikuwa limeanza kutoa ute.

Bahari ilikuwa pale pale, dada, ng'ambo ya mchanga, inajaa, maji masafi. Nikawaza, kule nyumbani tunachota maji mbali kuliko hapa, na hatuna pampu. Tangu nikiwa na umri wa kutembea nimebeba maji kichwani. Ila peke yangu nisingelijaza lile birika hata kwa mwezi mzima.

Nilikimbia mpaka kijijini. Akina mama walikuwa wamekaa nje ya nyumba wanasuka makuti. Niliwasalimu kwa adabu, ingawa nilikuwa natweta, nikawaeleza. Walinitazama. Mmoja, mnene mwenye sauti, akauliza, “Tukuchotee maji ya kuwekea mawe?”

“Ndiyo, mama. Ni mawe ya Bi Mwanaidi.”

“Mwanaidi mwenyewe yuko wapi?”

“Hospitali. Mkunga amemng'ata mkono.”

Wote waliweka makuti chini kwa pamoja. Yule mnene aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akapiga kelele kuita nyumba za nyuma. Sikuhitaji kusema neno lingine. Walikuja na ndoo, na waliokuwa na madebe ya bati nikawaomba wasiyalete, nikaogopa watachukia. Mmoja alicheka akasema, “Kumbe mawe yanachagua vyombo!” Akaenda kuleta mtungi wa udongo. Wengine wakafuata na mitungi yao.

Ungeona, dada. Walipanga mstari kutoka majini mpaka birikani, wengine wanabeba kichwani, wengine wanapokezana. Wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu walikuja kucheka, wakashikishwa ndoo. Mimi niliingia ndani ya birika na kuanza kupanga. Mawe makubwa chini, yaliyozoea kivuli pembeni, yanayopenda jua juu. Yule mama mnene aliponipokeza lile tumbawe lenye pembe, tawi moja lilivunjika mkononi mwangu likatoa sauti ndogo, na nilihuzunika kama nimevunja kitu cha mtu aliyeniamini. Lakini hapakuwa na nafasi ya kusimama. Ngozi ya mikono ilichanika kwenye yale makali, na maji ya chumvi kwenye kidonda unajua yalivyo. Maji yalinifika mapajani, kiunoni, kifuani.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama pampu iliamka. Akina mama wakapiga vigelegele. Jiwe la mwisho lilikuwa limeshaingia, na samaki walikuwa wanazunguka humo ndani wakiwa wamepotea, maana hawajawahi kuona mahali ambapo hapana mwisho.

Bwana Lukasi alirudi akanikuta nimekaa ukingoni, miguu majini. Alitazama birika, akatazama lile tangi la zamani lililobaki na matope. Kioo kilikuwa kimetengana kabisa na chuma.

“Wamemshona,” alisema. “Mkono utapona.” Kisha akasema, “Rebeka, treni imeondoka.”

“Najua,” nikamjibu.

Usidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Siku zilizofuata ndizo zilizonivunja moyo, na ndiyo sababu hata habari sikuweza kwenda mjini kukupelekea. Maji ya birika yaligeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Yakaanza kunuka. Matumbawe yote yalijifunga, hakuna hata moja lililotoa kinyweleo. Pono wetu mkubwa wa kijani tulimkuta anaelea. Kesho yake wakafa wengine. Nilikuwa nikifika asubuhi naogopa kufungua mlango.

Bwana Lukasi aliniita akaniambia ukweli. “Kuna kitu kimekufa chini ya mawe na kinaoza, nadhani ni sifongo. Tukiacha, sumu yake itaua vyote. Njia ni mbili. Tuchukue yaliyo hai tuyarudishe baharini leo, tuseme basi. Au mtu aingie apapase chini ya kila jiwe mpaka akipate, na tubadilishe maji kila bahari inapojaa. Tena yule mkunga hatujui yuko wapi. Siwezi kukuamuru.”

“Wewe unaonaje?” nikamuuliza.

“Mimi nitaingia upande huu,” akasema, akaanza kuvua shati. Alikuwa mwembamba kama mwanafunzi.

Basi niliingia upande wa pili. Dada, sijawahi kuogopa hivyo tangu ile siku fisi alipoingia zizini. Kila jiwe ilinibidi kuingiza mkono mahali nisipopaona, huku nikikumbuka ile nyama ya Bi Mwanaidi inaning'inia. Kila mara niliomba, na kila mara niliingiza. Kwenye lile jiwe kubwa vidole vyangu viligusa kitu laini kama ugali uliochacha. Nilikitoa. Kilikuwa sifongo, kimeoza chote, harufu yake ikamfanya Hamisi atoke nje mbio. Tulipata na kingine upande wa Bwana Lukasi. Kisha tukaanza kubadilisha maji. Kila bahari ilipojaa tuliingiza mapya na kutoa ya zamani, na pampu ilipochoka akina mama walikuja tena na mitungi, bila kuitwa.

Maji yalianza kuwa safi polepole. Siku moja nilikuwa nasugua kioo, nikaona lile tumbawe la ubongo limetoa vinyweleo upande mmoja tu. Niliogopa hata kupumua, utadhani nitalifunga tena. Nikamwita Hamisi. Alichuchumaa, akatazama kwa muda, akasema, “Lina njaa hilo.” Ndiyo sifa kubwa kabisa niliyomsikia akitoa. Baada ya hapo yakafunguka moja baada ya jingine. Si yote. Yapo yaliyokufa, na nimeyatoa nikayapanga nje ya mlango, meupe. Bwana Lukasi alitaka yatupwe, nikamwomba yakae mpaka mwenyewe ayaone.

Bi Mwanaidi alirudi mkono umefungwa bandeji kama kichwa cha mtoto. Hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya yale yaliyokufa, akainama akayagusa. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya kioo, mimi nyuma yake.

“Lile jekundu umeliweka juani mno,” akasema mwishowe.

“Nitalihamisha, mama.”

“Na huyu kombe amegeuzwa mgongo.”

“Nitamgeuza.”

Hapo ndipo kichwa cha mkunga kilipochomoza kwenye tundu la jiwe kubwa, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa humo siku zote, dada! Nilipitisha mkono pembeni yake na hakunigusa. Bi Mwanaidi alimnyooshea ule mkono wa bandeji, akamwambia, “Shiba yako si ile? Au umebakiza?” Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, akanishika kichwa kwa mkono wake mzima, akakiweka begani kwake. Hakusema asante wala mimi sikuitaka.

Na juzi kumetokea jambo jipya. Tuna samaki wawili wadogo, rangi ya machungwa na mistari meupe, wanaoishi ndani ya kiumbe chenye minyiri kama nywele. Minyiri hiyo inachoma samaki wengine, hao haiwachomi. Kwenye lile tangi la zamani hawakuwahi kuzaa. Juzi asubuhi nilikuta dume anasafisha jiwe kwa mdomo, na jike akapita juu yake akiacha mayai, mengi, madogo, rangi ya mafuta ya mawese. Nilipoweka mkono karibu ili nisafishe, yule dume, ambaye si mrefu kuliko kidole changu, alinirukia na kunigonga ngumi nzima. Bwana Lukasi alisema samaki hatagi mahali asipopaamini. Nilitoka nje nikakaa kwenye mchanga nikalia peke yangu, na sikuwa na huzuni.

Sasa kuhusu kuja kwangu. Nimepewa ruhusa nyingine, na Bi Mwanaidi amesema atanifukuza nisipoondoka. Nitashuka Manyoni, nipande basi la Singida, nilale kwa shangazi pale Utemini, kisha nije Kinyangiri kwa gari lolote litakalopatikana. Nitafika kabla hamjaanza kupanda uwele, ili nishike jembe pamoja nanyi, hata kwenye lile shamba la ujamaa ambalo shemeji analisifu. Lakini nakuambia mapema usije ukakasirika tena: nitakaa, na kisha nitarudi huku. Hii ndiyo kazi yangu. Sikuja kuitafuta, nilikuja kufagia tu, lakini sasa ni yangu na siiachi.

Nisalimie mama, umwambie nimejifunza kula pweza na sijafa. Nisalimie baba, mwambie mbuzi wake mmoja ana akili kuliko samaki wangu wote. Nisalimie shemeji Zefania, na mjomba akipita hapo kutoka Ihanja. Nisalimie sana mke wa mwinjilisti, umwambie nimemshukuru kwa kunibebea mtoto, na nitamletea kanga kwa mkono wangu.

Na somo wangu mbusu kwenye utosi. Akikua akakuuliza kwa nini siku ile sikuwepo, mwambie vile vile ilivyokuwa, usipunguze. Mwambie nilisimama mlangoni mwa gari na sanduku mkononi, nikajua kabisa ninachokosa, na nikageuka nikarudi majini. Kisha umwulize yeye angefanyaje. Nitapenda sana kulisikia jibu lake.

Ni mimi mdogo wako,
Rebeka.